Njia Ilikuwa Yake

Andika, mwanangu, mimi sina haraka.
Jina la marehemu: Issa Nandonde.
Kijiji: Kitaya. Ukipenda andika Ruvuma,
maana mto ndio unaotujua kwa majina.

Mnyama: kiboko.
Hapana, si kile cha mwalimu
kilichonitoa shule darasa la pili,
ingawa nacho kilikatwa kwenye ngozi ya huyu.

Unaniuliza, alichokozwa?
Swali la watu wa mjini hilo.
Kiboko unamchokoza kwa kusimama tu.
Mchana amelala majini, masikio juu, pua juu,
wewe unadhani gogo.
Akipiga mwayo usiseme ana usingizi:
anakuonyesha meno, anakwambia hesabu.
Jua likizama anapanda nchi kavu kula majani
kwa njia ile ile aliyopita mama yake,
mifereji miwili ya miguu, tuta la nyasi katikati,
kama njia ya gari, na gari huku halijafika.
Ukikutana naye ubavuni, pengine atakupisha.
Ukisimama kati yake na maji
umemfungia mlango, na yeye yuko nje.
Usidanganywe na lile tumbo.
Anakimbia kuliko mdogo wangu Hashimu,
na Hashimu alichukua kombe la Umitashumta.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa.
Tulilala dunguni, tukipiga madebe kwa zamu,
mimi mpaka jogoo wa kwanza, yeye mpaka kuche.
Halafu madebe yakachoka.
Ukimya wa kiboko huujui wewe:
unasikia majani tu, kra, kra,
kama mtu anachana khanga gizani.
Issa akashuka kutia udhu.
Alichuchumaa ukingoni, mgongo kaupa shamba.
Alikuwa amefika mkono wa kulia.
Najua, kwa sababu tulipomtoa
mkono wa shati wa kulia ulikuwa umekunjwa,
wa kushoto bado una kifungo.

Idadi ya wanyama, umeshaandika mmoja.
Futa. Wawili.
Nyuma yake alikuwa na mtoto,
mkubwa kama mbuzi aliyeshiba, anateleza kwenye umande.
Nilimwona mama akimtazama mwanawe kwanza,
ndipo akamtazama mume wangu.
Alifunga mdomo mara moja. Hakutafuna.
Hali nyama, mwanangu.
Angekuwa simba ningesema alikuwa na njaa.

Siku ya tatu wakaja wenzako na bunduki.
Wakapiga dume, kule dimbwini, nyuma ya kisiwa.
Nikasema: alikuwa jike.
Wakasema: mama, kiboko ni kiboko.
Kijiji kizima kikanuka mafuta.
Nikaletewa furushi, eti fungu la mfiwa.
Nililizika.
Hilo usiliandike.

Umbali wa shamba kutoka mtoni.
Naona unasita. Naona jicho lako linanikonyeza sitini,
sheria ni mita sitini,
na bila sitini hakuna kifuta machozi.
Issa alipima kwa miguu yake mwenyewe: hatua arobaini.
Mwaka juzi tuliongeza majaruba matatu,
na lile la katikati tulilichimba
juu ya mifereji ile miwili.
Tuliiona. Tuliifukia kwa jembe huku tunacheka.
Andika arobaini.

Kifuta machozi chenyewe ni kitambaa gani, hata hivyo?
Lete wino nibonyeze gumba.

Jaruba la katikati mwaka huu silimi.
Nyasi zimeshapanda.
Jana asubuhi nimekuta nyayo za vidole vinne vinne,
kubwa, zimezama,
na pembeni ndogo, zinajifunza.